London hadi Paris: ununue tiketi ipi?

Ukipiga mstari kwenye ramani, London na Paris zimeachana kilomita 344 hivi. Ndege haimalizi hata saa nzima angani. Chai haijapoa, mnaambiwa mfunge mikanda. Ndiyo maana wengi wetu hukimbilia ndege. Nami nilikuwa hivyo, mpaka siku nilipoanza kuhesabu saa tangu mlangoni kwangu.

Namba moja ni treni, wala sisiti. Eurostar inatoka stesheni ya St Pancras, London, na kuingia stesheni ya Gare du Nord, Paris, kwa saa mbili na robo au zaidi kidogo, katikati ya mji hadi katikati ya mji. Chini ya bahari mnapita kwa dakika 20 tu, kwenye njia ya kilomita 50 iliyofunguliwa 1994. Usitegemee kuona samaki: ni giza, na sura yako mwenyewe kwenye kioo. Uhamiaji wa Ufaransa wanakukagua hukohuko London, kwa hiyo Paris unashuka na kwenda zako. Begi halipandishwi kwenye mzani, mradi uweze kulibeba. Ubaya wake ni nauli. Ukinunua wiki ya safari utalia; nunua mapema, na siku za katikati ya wiki.

Namba mbili, basi la usiku kutoka kituo cha Victoria, London. Ni saa nane au tisa, ila mara nyingi ndiyo nauli ya chini kuliko zote, na usiku mmoja wa hoteli umeuokoa. Safari yangu ya kwanza tuliamshwa bandarini Dover saa nane usiku, tukapangwa foleni kwenye upepo wa bahari, pasipoti mkononi. Mama mmoja mbele yangu alikuwa amejigubika kitenge, yamebaki macho tu. Sikuwa na kitenge. Beba kitenge.

Ndege naiweka ya tatu. Ratiba inasema saa moja na robo. Ongeza karibu saa nzima ya treni ya chini ya ardhi hadi Heathrow, saa mbili za kuwahi, foleni ya pasipoti uwanja wa Charles de Gaulle, kisha treni ya RER B kuingia mjini: saa tano zimekwisha. Tiketi ya bei ya kutupa ikikuandikia Beauvais, jua uwanja huo uko kilomita 85 hivi kutoka Paris. Lakini kama unatoka Nairobi na unaunganisha ndege Heathrow kwa tiketi moja, endelea na ndege. Kuingia mjini kutafuta treni ni kujichosha bure.

Viza ya Uingereza haikuingizi Ufaransa. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji ya Schengen, yaani ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, hata kama ana kibali cha kuishi London. Bila hiyo utarudishwa St Pancras kabla hujaliona behewa.

Na tiketi ikionyesha safari ya treni ya saa tatu na kitu, usishtuke. Paris iko saa moja mbele.