The Sting: utapeli ulioshonwa kwa mkono

Muvi za matapeli zipo nyingi na nyingi zinanichosha. Jamaa kavaa miwani ya jua, anatembea taratibu, muziki unapigwa, halafu mwishoni tunaambiwa alikuwa na mpango tangu mwanzo. Mpango gani? Hatukuuona. Ni sawa na mteja kukabidhiwa suti ndani ya mfuko na kuambiwa aamini tu kuwa imeshonwa vizuri.

The Sting ya mwaka 1973 haina mchezo huo. Mwongozaji ni George Roy Hill, mastelingi ni wawili, Paul Newman na Robert Redford, na ilizoa Oscar 7, ikiwemo ya filamu bora na ya mavazi, aliyoichukua Edith Head. Mimi nashona suti Magomeni, kwa hiyo hiyo ya mavazi ndiyo iliyonifanya niitafute.

Kisa chenyewe ni cha Marekani, mwaka 1936, maisha yamekaba. Redford ni Hooker, kijana wa Joliet anayekula kwa kuwapiga watu changa la macho barabarani, yeye na mwalimu wake, mzee Luther. Siku moja wanamliza mtu mwenye hela nyingi mno, kumbe hela za bosi wa wahuni, Doyle Lonnegan, ambaye kaigizwa na Robert Shaw. Luther anauawa. (Aliyeigiza Luther ni Robert Earl Jones, baba mzazi wa James Earl Jones, mwenye ile sauti ya Mufasa.) Hooker anakimbilia Chicago kwa tapeli mkongwe, Gondorff, ambaye ni Newman. Kumuua Lonnegan hawawezi. Basi watamliza.

Kuanzia hapo sikuinuka. Wizi wenyewe ni wa dakika chache, kinachojaza muvi ni maandalizi, na mimi ndicho ninachokipenda: kumwona fundi yuko kazini. Wanakodi ukumbi mtupu na kuugeuza duka la kubetia farasi. Meza zinaingia, simu, ubao wa matokeo, mtangazaji anayesoma mbio kana kwamba anazipokea sasa hivi. Wateja wote humo ndani ni matapeli waliokodiwa, na wamepangwa foleni kama watu wanaoomba ajira bandarini. Mzee wa kukodisha vifaa anaulizwa atataka asilimia au kiasi maalumu. Naye anauliza kwanza: anayepigwa ni nani? Akitajiwa Lonnegan, asilimia haitaki tena, apewe chake kabisa. Nilicheka mpaka nikasimamisha cherehani. Wako wateja wa namna hiyo hata hapa mtaani, ambao hela yote unaichukua kabla hujagusa kitambaa.

Kuna pia pale kwenye ofisi ya telegramu. Wawili wanaingia wakijifanya wapaka rangi, wanamtoa mwenye ofisi ndani ya ofisi yake, kisha wanaitumia kumpokea Lonnegan, aone kwamba wanaye mtu wa ndani anayepata matokeo ya mbio mapema. Vifaa vyote ni ndoo ya rangi na sura kavu. Ukivaa ovaroli na ukaonekana una haraka, nani atakuuliza kitambulisho?

Lakini kipande bora cha muvi nzima ni karata kwenye treni. Lonnegan hucheza na matajiri wenzake na huwaibia. Gondorff anaingia kachelewa, anajifanya kalewa chakari, ananuka jini iliyopunguzwa maji, anapenga kamasi kwa tai, na jina la Lonnegan kila akilitaja analikosea. Tazama uso wa Robert Shaw hapo: hasemi kitu, taya tu inakaza. Kwa hasira Lonnegan anapanga karata ili yeye ashike nne za tisa na mlevi ashike nne za tatu. Zinafunuliwa mezani, mlevi ana majeki manne, yanayozila tisa. Sasa atalalamika kwa nani, wakati aliyezipanga ni yeye? Akitia mkono mfukoni alipe, pochi haipo, ilishachomolewa mapema. Mikono inayoonekana ikichanganya karata kwa karibu ni ya John Scarne, bingwa wa karata, siyo ya Newman. Hilo lilinifurahisha, maana hata humo walimtafuta mwenye fani yake.

Kuhusu nguo. Gondorff tunamkuta kalewa, amelala kwenye chumba kidogo, baadaye yuko na singlendi na kofia ya pama kichwani, na hata hivyo unamwona ni mkubwa wa kazi. Akija kuvaa suti ya usiku na tai ya kipepeo, hukumbuki tena kama ni yule yule. Hooker naye akipata hela ya kwanza anakimbilia suti ya kujionyesha, suti inayopiga kelele, na hela iliyobaki anaiacha kwenye kamari usiku huohuo. Gondorff ndiye anayempeleka kunyolewa, kutengenezwa kucha na kupimwa suti ya kweli. Angalieni mabega: hayabonyei, hayasimami kama hanga. Na suruali zina marinda, zinaanguka juu ya kiatu bila kujikunja. Siku hizi vijana wanaleta picha za suruali zinazobana hadi goti halipindi.

Sasa mtu ataniuliza, sisi Dar tunalizwa kila siku, tucheke nini? Swali zuri. Ile meseji ya matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii", haichekeshi, maana inayemwingiza mjini ni bibi aliyeuza kuku. Karata tatu za Kariakoo zinamla kijana aliyeshuka basi leo. The Sting inachekesha kwa sababu anayepigwa ni mwizi, ana nguvu, na anapigwa kwa tamaa yake mwenyewe: ameahidiwa kubeti akiwa tayari anajua farasi gani atashinda. Nani kati ya wapenzi wa mkeka angekataa? Akidhulumiwa bibi, muvi ingekuwa ya kulia.

Kasoro zipo. Wanawake ni wachache na wamepewa kazi ndogo, ingawa mmoja wao, yule wa mgahawani, mumtazame vizuri. Katikati inalegea kidogo, polisi wanakuwa wengi kuliko inavyohitajika, na jumla ni dakika 129. Muziki wa kinanda ni wa Scott Joplin, aliyefariki 1917, kwa hiyo kwa mwaka 1936 ulishapitwa na wakati. Wajuzi wanalalamika, mimi silalamiki, unafaa kabisa. Kiingereza chao ni cha mtaani na kinakwenda mbio, weka maandishi chini. Aliyezoea muvi za kutafsiriwa, enzi za Lufufu, yule aliyekuwa akizitafsiri kwa sauti, atapata tabu nusu saa ya mwanzo.

Mwisho siusemi. Kijana wangu wa vifungo anadai alishtukia mapema. Nilipomwuliza alishtukia wapi, akataja sehemu ambayo nayo ilikuwa ya kuzuga. Anaiangalia tena Jumapili, na suti ya bwana harusi wa Mwananyamala bado haina vifungo.