Wabunge: kikomo cha mihula au kura pekee?

Kakamega, Wycliffe Oparanya aliachia kiti cha ugavana 2022 baada ya mihula miwili, apende asipende. Kisumu, zamu ya Anyang' Nyong'o inaisha 2027. Lakini mbunge, au mwakilishi wa wadi unayemwona matangani kila Jumamosi, anaweza kugombea mpaka azeeke. Katiba ya Kenya ya 2010 haikumwekea kikomo.

Tumwekee? California walijaribu. Mwaka 1990 wapiga kura walipitisha Pendekezo la 140: miaka 6 katika bunge la chini la jimbo, 8 katika seneti. Walichoka na vigogo kama Willie Brown, spika tangu 1980. Sura mpya ziliingia kweli. Ila mbunge alipoanza tu kuielewa bajeti, muda wake ulikuwa umeisha. Waliobaki na ujuzi ni watumishi wa serikali na washawishi wa makampuni. Wengine waliruka tu kwenda kiti kingine. Mwaka 2012 wakalegeza: miaka 12 kwa jumla, hata yote katika bunge moja.

Kura pekee? Wakenya huwatimua wabunge wengi kila uchaguzi, hilo tusijidanganye. Tatizo ni ngome za vyama. Hapa Kisumu, tiketi ya chama cha ODM mara nyingi humaliza mchezo mapema, na aliye kitini ana NG-CDF, hazina ya maendeleo ya eneo bunge, ya kujinadi nayo.

Mimi ningechagua kikomo, lakini mihula mitatu. Miwili ni michache kwa kazi ya kutunga sheria.