Uzoefu wangu na Casspir: miaka miwili kwenye usukani wa gari linalokanyaga mabomu

Wiki iliyopita mpwa wangu alinionyesha kwenye simu picha ya gari la jeshi, refu, limekaa juu ya magurudumu manne kama vile limeachwa kwenye jeki. Picha ilipigwa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, hapo ng'ambo ya mto Ruvuma, ambako majeshi ya SADC yaliingia mwaka 2021. Akaniuliza, "Mjomba, hiki nacho ni kifaru cha aina gani?" Nikamwambia hicho si kifaru, hiyo ni Casspir, gari la deraya lililoundwa kuhimili mabomu ya ardhini, na mimi nimeiendesha miaka miwili. Hakuamini. Yeye tangu azaliwe ananijua ni dereva wa Fuso la korosho, Newala hadi bandarini Mtwara, basi. Nikamwahidi nitaandika yote ninayoyajua, na vijana wenzake wanaobishana vijiweni kuhusu magari haya nao wasome.

Nilivuka mto mwaka 1999. Msumbiji ilikuwa na amani tangu mkataba wa Roma wa 1992, lakini barabara nyingi zilikuwa bado na mabomu ya ardhini, ya vita vya ukombozi na ya vita vilivyofuata wao kwa wao. Kampuni moja ya kusafisha barabara ilikuwa inatafuta madereva wa magari mazito, nikapata kazi mkoa wa Sofala. Jina la kampuni naliacha.

Casspir ni ya Afrika Kusini, imeanza kutumika karibu na mwaka 1980. Jina lake ni herufi zilizochanganywa: SAP, yaani polisi wa huko wa wakati ule, na CSIR, taasisi ya utafiti iliyolibuni. Langu lilikuwa la zamani: injini ya dizeli ya Mercedes-Benz yenye silinda sita, gia tano za mkono, linavuta magurudumu yote manne. Uzito karibu tani 11. Mbele mnakaa wawili, nyuma viti 12.

Hapo kwenye neno polisi ndipo palipompa taabu marehemu baba. Baba alikulia karibu na Nachingwea, aliwaona vijana wa FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, wakifanya mazoezi, aliwabebea maji. Nilipomtumia picha nikiwa nimesimama kando ya gari, aliitazama, akaifunika juu ya meza, akasema, "Hili si la Makaburu?" Ndiyo, lilikuwa la Makaburu. Lilitumika Namibia kuwasaka wapiganaji wa SWAPO waliopigania uhuru wa nchi hiyo, likaingia hadi mitaa ya watu weusi Afrika Kusini miaka ya 80, na watoto wa huko walilijua kwa mlio wake. Sikuwa na la kumjibu. Nilimwambia tu kwamba sasa linawafungulia Wamsumbiji barabara zao, akanyamaza.

Sasa lenyewe limetengenezwaje. Aliyewahi kwenda Mikindani kuona mafundi wakiunda jahazi ataelewa haraka. Chini ya jahazi kuna mkuku, na mbao zinapanda kutoka hapo kwenda pembeni, kushoto na kulia. Chini ya Casspir ni hivyo hivyo, isipokuwa ni bamba nene la chuma lililokunjwa umbo la herufi V. Lori la kawaida lina sakafu bapa, na bomu likilipuka chini yake, nguvu yote inaipiga sakafu na miguu ya watu waliomo. Bamba la V linaukata mlipuko katikati, moto na vipande vinatelezea pembeni na kwenda zao. Kisha urefu. Watu wanalicheka kwamba limekaa juu kama ngamia, lakini huo ndio uhai: kadiri sakafu inavyokaa mbali na ardhi, ndivyo mlipuko unavyofika umepungua makali.

Jambo la tatu ndilo lililonifanya nilipende, maana mimi ni mtu wa magari. Halina chesisi, yaani ile fremu ya chini inayobeba lori. Bodi yenyewe ndiyo chesisi, na ekseli, springi na magurudumu vimefungwa kwa nje. Aliyelibuni alikubali kwamba gurudumu litakalokanyaga bomu limekufa, akahakikisha linakufa peke yake. Linang'oka, linaruka, linachukua sehemu ya nguvu, na nyie mliomo mnabaki. Wenyewe walilipima kwa mabomu ya kuulia vifaru aina ya TM-57 ya Kirusi: matatu yaliyopangwa pamoja chini ya gurudumu, mawili chini ya bodi. Bomu moja la TM-57 lina zaidi ya kilo 6 za baruti.

Kuliendesha ni kazi ya kiume, sitawadanganya. Langu halikuwa na kiyoyozi, na joto la Sofala mwezi wa Desemba si mchezo. Chuma kinakunywa jua tangu saa mbili asubuhi, ikifika saa sita huwezi kuegemeza kiwiko popote. Vioo vya deraya ni vinene na vidogo, kwa hiyo kuna sehemu kubwa ya barabara usiyoiona, hasa upande wa kushoto karibu na gurudumu. Kelele ya injini na gia boksi mnashinda nayo siku nzima. Usiku nikilala nilikuwa bado naisikia.

La hatari kuliko yote ni mwinuko wake. Ukiingia kona na mwendo wa Fuso, limelala. Barabara ya mteremko wa upande, kama zile za kushuka kutoka Newala kwenda bondeni, utaipita kwa gia ya pili na moyo mkononi. Kwenye madaraja ya magogo tulikuwa tunashuka wote, mmoja anatembea mbele akiongoza, mimi peke yangu ndani. Tani 11 juu ya magogo yaliyooza ni mtihani kuliko bomu.

Wamarekani nao waliyakuta hayo hayo. Walipozidiwa na mabomu ya barabarani Irak, mwaka 2007 waliamua kununua magari ya V kwa maelfu, na mengi yalichukua mawazo yaliyojaribiwa Afrika Kusini na Rhodesia, Zimbabwe ya leo, miaka ya 70. Walipoyapeleka kwenye milima ya Afghanistan yakawa yanapinduka, ikabidi mwaka 2009 waagize jingine jepesi, M-ATV ya kampuni ya Oshkosh. Na jingine vijana walijue: Casspir inazuia bomu la chini na risasi za bunduki. Roketi ya RPG inapita.

Kazi yetu kubwa ilikuwa ya kunusa. Gari lilifungwa mashine ya kuvuta hewa, mabomba yake yakielekea barabarani. Nilikuwa natembeza polepole sana, na kila kipande cha barabara hewa yake inanaswa kwenye kichujio, kinaandikwa namba. Vichujio vinapelekwa kambini, mbwa waliofundishwa wananusa. Mbwa akikaa chini kwenye kichujio fulani, wategua mabomu wanarudi kwenye kile kipande tu kutafuta kwa mikono. Miaka ya baadaye niliposikia kwamba panya buku waliofundishwa pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wamepelekwa Msumbiji kunusa mabomu, nilifurahi kama vile wametoka kijijini kwetu.

Februari 2000 kikaja kimbunga Eline, na mafuriko yake kila mtu aliyaona kwenye runinga. Maji yalihamisha udongo, na mabomu yakahama na udongo. Barabara tulizokwishazipita ikabidi tuanze upya.

Mwezi wa Juni mwaka huo, kama saa nne asubuhi, tulikuwa kwenye barabara ambayo akina mama walipita kila siku na mahindi kichwani. Ndiyo tabia ya bomu la kuulia vifaru. Linangoja uzito. Mtu akilikanyaga linanyamaza, na baiskeli hivyo hivyo, kwa hiyo kijiji kizima kinaamini njia ni salama hadi lije lori.

Mlio sikuusikia. Nilichokiona ni kioo kugeuka cheusi, kisha gari likainuka upande wa kushoto mbele, taratibu kama mtu anayeamka kitandani, halafu likaangukia pua. Mkanda ulinikata bega. Vumbi lilijaa hadi sikuona usukani niliokuwa nimeushika. Nikajipapasa magoti, kisha vifundo vya miguu, nikavikuta. Masikio yalilia kwa siku nne.

Watu sita nyuma, na wote hai. Mmoja tu aliumia, na hapa ndipo nina kinyongo hadi leo. Kiti cha tatu kifungio cha mkanda kilikuwa kimevunjika. Niliandika kwenye kitabu cha gari mara tatu, mara tatu nikajibiwa spea inakuja. Gari la thamani ile, limepimwa kwa mabomu matatu, na wakubwa wa kampuni walishindwa kuleta kifungio kinachoenea kiganjani! Asubuhi ile aliyekaa pale alikuwa Mmakonde mwenzangu wa upande wa Mueda, tukiitana ndugu. Nilimfunga kiunoni kwa kamba ya katani, fundo la wavuvi, huku akinicheka. Gari liliporuka kamba ilimshika kiuno lakini kifua kikaenda mbele, akavunjika mbavu mbili kwenye ukingo wa kiti. Bila ile kamba angepiga kichwa kwenye paa. Na dumu la maji la lita 20, ambalo mtu alilisahau bila kulifunga, lilipita karibu na sikio la mwingine na kubonyea ukutani kama chungwa.

Kwa hiyo ukiniuliza gari lenyewe nalipa alama gani, nalipa zote. Nilishuka nikalizunguka: gurudumu lilikuwa shambani, hatua zaidi ya arobaini, rimu imekunjika kama chapati, ekseli imepinda, springi zimetawanyika. Bamba la chini lilikuwa jeusi, halina hata ufa. Mafundi walikuja na ekseli nyingine, maana vipuri vyake vingi ni vya lori, na siku ya tatu nililiwasha likaitika. Gurudumu jipya lilikuwa na rangi tofauti na mengine matatu. Wiki iliyofuata lori la kwanza la mahindi lilipita barabara ile, na utingo wake akatupungia kofia.

Nilimwandikia baba. Barua yake ya majibu ilikuwa na mistari miwili, wa pili akitaka nimtumie tena ile picha, kwa kuwa ya mwanzo ameipoteza.

Msumbiji ilitangazwa haina mabomu ya ardhini mwaka 2015. Vijana wetu wanaopata kazi za udereva kwenye magari haya, iwe jeshini au kwenye makampuni, injini waiangalie mwisho. Waanze nyuma, wavute kila mkanda kwa mkono, kiti kwa kiti, na chochote kisichofungwa wakishushe. Kifungio kikiwa kibovu wakatae kuondoka.

Ndugu yangu wa Mueda tunaonana bado. Tangu Daraja la Umoja lifunguliwe pale Mtambaswala mwaka 2010 anakuja kwa gari badala ya mtumbwi. Mvua zikianza mbavu humuuma. Akipanda Fuso langu, huvuta mkanda mara mbili kabla sijawasha.