Kurasa 16 zimeyeyuka, naambiwa nibuni mwenyewe

Nianze na hasira manake nikianza na mazuri nitalainika. Mwezi uliopita hivi nilipita Posta kwa wale wanaotandika vitabu chini, hela ilikuwa ya kulipia king'amuzi nikasema liwalo na liwe, mwezi huu hakuna tamthilia za Kituruki, nasoma. Nikabeba vitatu: Rosa Mistika, Nagona na Vuta N'kuvute. Cha nne, Peponi, nilipewa zawadi na dada.

Rosa Mistika niliisoma kwenye daladala nikapitiliza kituo. Sio kwa utamu, ni kwa kumchukia yule baba. Zakaria pombe tu, na mkali kwa mabinti kupita kiasi, halafu Rosa akiharibikiwa kila mtu anashangaa, unashangaa nini sasa? Kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni eti kinaharibu watoto. Mimi nikaona kinachoharibu watoto ni wazee aina ya Zakaria, wapigwe marufuku wao. Nilifunga kitabu nikampigia baba yangu simu, hatukuongea cha maana, nilitaka tu kusikia sauti.

Nagona sijui niseme nini. Mwandishi ni yuleyule Kezilahabi lakini utadhani watu wawili tofauti. Kijitabu chembamba, nikajua nakimaliza jioni moja, wapi! Nimesoma mara mbili sijaelewa, nimekigawa. Halafu wiki iliyofuata nikakifuata kwa niliyempa. Sijui kwa nini, usiniulize.

Sasa Vuta N'kuvute, ya Shafi Adam Shafi. Hiki nilikiweka mwisho kama mtoto anavyoficha nyama chini ya pilau. Yasmin kaozeshwa kwa Bwana Raza, mwanaume mtu mzima huko, kachoka, kakimbia, kapokewa na Mwajuma (jamani Mwajuma! kila mwanamke apate shoga kama yule), kakutana na Denge, na Denge anawindwa na polisi wa mkoloni, na mimi niko kitandani saa saba usiku feni imezimika umeme hakuna nasoma kwa tochi ya simu, namaliza ukurasa wa 112, nafunua, naona 97.

Nikadhani usingizi. Nikarudi nyuma, nikaja mbele, 97. Inaenda mpaka 112 tena, halafu inaruka 129! Kurasa 16 hazipo. Ndo kuangalia vizuri jalada, kumbe ni kopi ya kudurufu, rangi imepauka, aliyetoa kopi kaingiza fungu lilelile mara mbili akabandika gundi. Kosa langu pia, bei ile ningejiuliza. Ila ningejuaje, nani anahesabu kurasa barabarani?

Kesho yake nikarudi. Nimevumilia jua, nimemwonyesha kistaarabu kabisa, kaka angalia hapa. Hakukishika hata kukishika. Akasema, "Dada, si riwaya hiyo? Riwaya si ya kubuni? Buni na wewe." Wenzake wakacheka mpaka yule wa karanga. Nilitetemeka, kila jibu zuri lilinijia nikiwa tayari niko kwenye mwendokasi.

Watu wananiambia kaangalie filamu. Filamu ninayo habari nayo, mimi nataka ukurasa wa 113.

Kwa hasira hizo nikasoma Peponi, na kusema kweli kilinitibu. Gurnah kaandika kwa Kiingereza mwaka 1994, kapewa Nobel 2021, Kiswahili chake kimekuja 2022. Miaka 28! Mzanzibari anasomwa kwao baada ya miaka 28. Lakini Ida Hadjivayanis kakitafsiri hadi unasahau, Yusuf anavyoondoka na "ami" Aziz hajui kama ameshawekwa rehani kwa deni la babake, neno rehani lilinikaa kooni siku nzima. Hiki nunueni kipya, dukani, chenye kurasa zote.

Kuhusu zile 16, aibu kusema, nilibuni kweli. Siku tatu nimegoma kugusa 129, napika huku namtungia Denge mambo. Mwishowe nikaenda kwa binamu ambaye ni mwalimu, anacho halisi, akasema kitabu hakitoki mlangoni, kaa hapo mkekani usome. Nikasoma yeye ananyoosha nguo. Nilikosea vibaya, kuna mtu mimi nilishamzika kumbe yupo anadunda.

Kwa hiyo nilitaka kuandika msinunue pale kabisa, nyota sifuri. Ila juzi nimepita nikamkuta na Kuli ya huyohuyo Shafi. Nikachuchumaa nikahesabu ukurasa mmoja mmoja kwa sauti, wateja wamesimama nyuma yangu, yeye ananiangalia tu kimya. Zimetimia, nikanunua. Hakupunguza hata mia.

Na zile 97 mpaka 112 ninazo mbili mbili, aliyepungukiwa aseme.