Usingizi wa upasuaji wa moyo na siku zilizofuata: tathmini ya mwanafamilia

Mama alibadilishiwa valvu ya mitrali, yaani mlango wa damu kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, iliyoharibiwa na homa ya rumatiki aliyougua utotoni, katika hospitali moja ya Dar es Salaam ambayo sitaitaja kwa kuwa nina sifa na malalamiko pia.

Sifa naanza na daktari wa usingizi. Jioni ya kuamkia upasuaji alivuta kiti, akamkagua mama kinywa na shingo, akamwuliza kama ana jino linalocheza, kisha akamweleza bila haraka kwamba atakapozinduka atakuta mpira wa kupumulia kooni na hataweza kusema. "Sasa mwanangu, nikiumwa?" Akamfundisha kumfinya muuguzi kidole. Wengi hudhani kazi ya daktari huyu huishia mgonjwa akishalala, kumbe ndiye anayelinda shinikizo la damu muda wote, na ndiye anayetoa heparini ili damu isigande ndani ya mashine ya moyo na mapafu, kisha protamini ya kuitangua.

Katika chumba cha wagonjwa mahututi, muuguzi alisoma kila saa kiasi cha damu kilichotoka kwenye mirija ya kifuani, akakiandika. Dawa ya maumivu ilitangulia mazoezi ya kukohoa, ambayo mama aliyafanya akiwa amekumbatia mto ili kidari, kilichofungwa kwa waya, kisitikisike. Usiku wa pili alianza kumwita bibi, aliyefariki zamani, akitaka kushuka kitandani. Muuguzi hakumkemea, bali alimvalisha miwani yake na kumtajia siku na saa. Tungeambiwa mapema kwamba hali hiyo huwapata wengi na hupita, tusingekuwa tumeshaanza kutafuta wa kumsomea dua.

Palipoharibika ni siku ya kuruhusiwa. Habari ya warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, tulielezwa tukiwa tumesimama dirishani, kwa kifupi: asile mboga za majani. Mama akaacha mchicha na matembele kabisa, na wiki iliyofuata INR, kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, ikasoma 4.6, ilhali lengo lake ni kati ya 2.5 na 3.5. Daktari wa kliniki alipunguza dozi, akatueleza kwamba mboga hazikatazwi, ila ziliwe kwa kiasi kilekile kila wiki, kwa sababu vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa. Karatasi moja ya Kiswahili ingetuepusha na hayo yote.

Chumba cha upasuaji na cha wagonjwa mahututi nawapa nyota tano. Siku ya kuruhusiwa naipa mbili, na ya pili ni ya kijana wa dirisha la dawa, aliyeandika kwa kalamu juu ya boksi: "saa mbili usiku, kila siku".