Bonsai ya junipa ya dukani: mti mzuri, chungu kibovu

Ukiingia kwenye maduka makubwa ya Marekani au ukipita kwenye meza za wauza miche kando ya barabara, bonsai (mti unaofinyangwa ubaki mdogo chunguni) utakayokutana nayo mara nyingi ni junipa ndogo aina ya Juniperus procumbens 'Nana'. Huwa kwenye kijungu cha kauri kilichotandazwa kokoto zilizogundishwa kama zege. Kwa dola 20 hadi 40, mti wenyewe unastahili sifa. Ni mgumu, unastahimili theluji, na matawi yake yanakubali waya wa kuyapinda bila kuvunjika ovyo. Ubovu uko kwenye chungu na kwenye kibandiko kinachosema ni mti wa ndani ya nyumba. Mingi ya miti hii inayogeuka kahawia iliuzwa na ugonjwa wake tayari.

Gonga zile kokoto kwa kucha: zikilia kama bamba moja, maji hayapiti. Yanateleza juu, yanashuka kati ya udongo na ukuta wa chungu, kisha yanatokea chini. Mwenye mti anaridhika kwamba amemwagilia, kumbe katikati bonge la mizizi limekauka kama biskuti. Tena junipa ina tabia mbaya ya kuficha kifo: mizizi ikishakufa, majani hubaki ya kijani kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo ukiwa bado dukani usiamini rangi peke yake. Pinda ncha ya tawi. Iliyo hai hupindika na kurudi, inayokufa ni kavu, imefifia kijivu, na majani yanapukutika mkononi. Kwaruza gome kidogo: chini yake pawe kijani na unyevu. Pakiwa pakavu na pa kahawia, urudishe mezani.

Ukiununua, kazi ya siku ya kwanza ni kung'oa kokoto kwa bisibisi bapa na plaizi, taratibu usije ukachuna shina. Kisha zamisha chungu kwenye beseni mpaka mapovu yaishe, kama dakika 10 hadi 15. Angalia tundu la chini; kisipokuwa nalo, kitoboe au uhamishe mti pamoja na bonge lake bila kugusa mizizi. Halafu upeleke nje. Huyu ni ndugu wa mtarakwa wa misitu ya milimani Kenya na Tanzania, mti wa jua na hewa ya wazi. Unataka jua la moja kwa moja saa 6 au zaidi kwa siku, na baridi ya kuulaza usingizi. Kama ulikaa muda mrefu ndani ya duka, uanzishe kwenye kivuli chepesi kwa wiki moja. Wakati wa barafu, fukia chungu ardhini au kizungushie maganda ya miti, mbali na upepo mkavu.

Kumwagilia usifuate kalenda. Chomeka kijiti cha mshikaki sentimita 3 kwenye udongo, kiache dakika 10. Kikitoka na unyevu, subiri. Udongo wa dukani ukinuka uvundo, mizizi inaoza, na kuongeza maji ni kuuzika mti. Kubadilisha udongo kungoje mwanzo wa majira ya kuchipua: akadama (punje za udongo wa mfinyanzi kutoka Japani), pumisi (jiwe jepesi la volkano) na lava kwa vipimo sawa, punje za milimita 3 hadi 6, vumbi lote limechekechwa. Usikate zaidi ya theluthi moja ya mizizi, wala usiioshe yote ikabaki uchi.

Si kila kahawia ni ugonjwa. Majani ya ndani yaliyokosa mwanga huzeeka na kudondoka, na rangi ya zambarau inayoingia wakati wa baridi huondoka joto likirudi. Ncha zenye mstari wa kahawia mahali zilipokatwa ni kosa la mkasi: kata kijitawi, usikate majani.

Majani yakipauka kwa vidoa vidogo vya manjano, weka karatasi nyeupe chini ya tawi na uligonge. Vumbi likitembea, huo ni utitiri. Hapa wengi huuziwa dawa ya wadudu yenye imidakloprid, nayo haiui utitiri. Wakati mwingine huuzidisha. Anza na maji ya kasi, hasa upande wa chini wa majani, kila baada ya siku 3 hadi 5. Ukishindwa, mafuta ya bustani yanafanya kazi vizuri: kwa kawaida mililita 10 hadi 20 kwa lita ya maji, ila kibandiko cha chupa ndicho chenye neno la mwisho. Rudia baada ya siku 7 hadi 10 ili uwapate walioanguliwa. Usipulize kwenye jua kali wala kwenye mti wenye kiu.

Ncha changa zinazokauka majira ya kuchipua, zikiwa na ukanda wa kijivu na vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, ni kuvu wa Phomopsis. Kata chini ya sehemu iliyokufa siku kavu, futa mkasi kwa spiriti ya asilimia 70 kila mkato, na acha kulowesha majani jioni. Dawa ya kuvu yenye shaba hukinga machipukizi mapya. Yaliyokwisha kufa haiyafufui.

Tawi zima likigeuka kahawia bila jani moja la kijani, halitachipua tena; junipa haioti kwenye mti mtupu. Limenye gome libaki kile Wajapani wanachokiita "jin", yaani tawi kavu jeupe ambalo wapenzi wa bonsai hulitafuta kwa makusudi. Mbolea iwekwe kando mpaka uone ncha mpya za kijani kibichi zikisogea.