Laptopu ya mtumba Mombasa: soma tarakimu, usinunue kibandiko

Mdogo wangu alichanga pesa miezi kadhaa, akaenda mjini akarudi Likoni na laptopu ya mtumba yenye kibandiko cha i7. Niliiwasha nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kuangalia chipu, yaani ubongo wa mashine. i7-6600U, viini viwili (viini ndivyo vinavyofanya hesabu ndani ya chipu), toleo la 2015. Jirani yetu ana i5-8350U yenye viini vinne, na aliipata kwa bei ya chini kuliko hiyo. Iliniuma.

Basi jambo la kwanza ni tarakimu zinazofuata i5 au i7, majina ya chipu za Intel. 8350 ni kizazi cha 8, 6600 ni cha 6. Kwa miaka mingi Intel waliziwekea laptopu nyembamba viini viwili tu, pengine kwa kuwa wapinzani wao AMD hawakuwa na chipu ya kuwatia wasiwasi. Mwaka 2017 AMD wakatoa chipu za Ryzen, na kabla mwaka haujaisha Intel nao wakaja na kizazi cha 8, viini vinne. Windows 11 nayo inataka Intel ya kuanzia kizazi hicho, na Windows 10 iliachwa bila msaada wa kawaida tangu 14 Oktoba 2025.

Chaguo langu la kwanza ni Ryzen 5 PRO 5650U. Ina viini sita, na imetengenezwa Taiwan na kampuni ya TSMC kwa teknolojia ya nanomita 7, yenye saketi ndogo sana, kwa hivyo hufanya kazi nyingi kwa umeme mchache. Mombasa hilo lina uzito. Wakati wa kaskazi, chumba kisicho na AC, feni huvuta hewa ambayo tayari ni ya moto, na chipu ikichemka hujipunguza kasi yenyewe. Ukiiona HP EliteBook 845 G8, ndiyo hiyo ya AMD. 840 G8 ni ya Intel, na kwa nje utadhani ni pacha. Lakini AMD nao wana mitego yao: Ryzen 5 7520U ina namba kubwa zaidi, ila ina viini vinne vya muundo wa zamani, Zen 2.

Ya pili, kwa mwenye bajeti ndogo, ni i5-8250U au 8350U. Tafuta yenye RAM (kumbukumbu ya kazi) unayoweza kuiongeza. Muombe muuzaji afungue kifuniko cha chini, kisha mulika tochi ya simu kwenye vile vibati vyembamba vya shaba kando ya feni. Ukiona kutu ya kijani, hewa ya chumvi imeshaingia kazini. Vumbi fundi atalisafisha na kupaka upya dawa ya kupitisha joto, lakini kutu iliyofika kwenye bodi iache hapo hapo dukani.

MacBook Air ya 2020 yenye M1, chipu ya Apple wenyewe, naiweka ya tatu. Haina feni kabisa, na chaji yake inadumu sana. Tatizo ni RAM: ukinunua ya 8GB, utabaki na 8GB. Hakikisha pia akaunti ya Apple ya mwenyewe wa kwanza imeondolewa mbele ya macho yako.

Celeron N4020 usiiguse, hata ikiwa mpya ndani ya boksi. Viini viwili dhaifu. Ukifungua kurasa chache za intaneti na simu ya video, inakwama.